Neno la Mafaili Sitini na Moja

Jalada alilokabidhiwa Verna Hoskyn lilikuwa na kurasa kumi na nne, na zote ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga kijiji cha Maili Kumi na Nne. Hilo peke yake lilimtia shaka tangu alipowasha gari Alice Springs alfajiri ile. Miaka ishirini na miwili ya upolisi ilikuwa imemfundisha kwamba anayeandika mengi kutoka mbali huwa ana haraka ya kumaliza, na miaka tisa ya kufukuzana na wezi wa kwenye kompyuta haikumfundisha tofauti.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Tovuti ya kituo cha uchoraji cha kijiji hicho ilikuwa imehamishwa kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya ya kampuni moja ya Melbourne. Mfumo wa kuiendesha ukasakinishwa upya. Ukagoma. Kila aliyeifungua alikutana na sentensi moja tu katikati ya ukurasa mweupe: *Imeshindikana kuunganisha na hifadhidata.* Fundi wa Melbourne akarekebisha, tovuti ikafunguka. Baada ya siku mbili tatu ikagoma tena. Mara tatu ikawa hivyo. Fundi akahitimisha kwamba kuna mtu wa ndani anahujumu. Aliandika kwamba mafaili sitini na moja yamepachikwa neno geni, pengine alama ya mdukuzi. Neno lenyewe hakuliandika.

Mtuhumiwa alikuwa Lorraine Nungarrayi, miaka hamsini na sita, mtunza tovuti wa kituo kwa miaka kumi na mmoja. Wadhamini wa kituo walioko Adelaide, wale wale waliomtuma Verna, walimhoji kwa simu ya video. Ripoti ya mahojiano ilikuwa na mstari mmoja: *Mhusika amekataa kujibu swali hata moja.* Ukurasa wa mwisho ulikuwa barua ya kumfukuza kazi na kulipeleka jambo polisi, imeshapigwa chapa, inasubiri sahihi saa kumi jioni ya siku ile ile.

Verna alisimamisha Landkruza mbele ya kituo saa nne na nusu asubuhi. Mbwa watatu waliinua vichwa, wakamtazama, wakaona hana maana, wakalala tena.

Meneja, Bevan Stoll, alikuwa kijana wa Brisbane mwenye ndevu za mtu anayetaka kuonekana mzee. Alikuwa na miezi minane pale.

"Afadhali umekuja," alisema akimvutia kiti. "Mimi nimeshachoka. Simu za wanunuzi, barua za wadhamini, kila siku lawama kwangu."

"Tuanze na wewe basi," Verna alisema.

"Na mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mabadiliko yote matatu yamefanywa kwa akaunti yako."

Verna akamgeuzia karatasi ya rekodi za seva. Akamwonesha kwa kalamu: Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, akaunti ya bstoll imeingia, faili la mipangilio limebadilishwa.

"Saa saba na kumi nilikuwa kwenye mkutano wa simu na Adelaide! Waulize!"

"Hiyo ni saa ya Melbourne. Kwetu huku tuko nyuma yao saa moja na nusu. Saa sita kasoro ishirini ulikuwa wapi?"

Bevan akafikiri. "Dukani. Nilikuwa nakula pai."

"Nani alikuona?"

"Pai ndiyo iliniona. Nani angeniona?"

Verna hakucheka. Alitoa karatasi nyingine kwenye mkoba wake. "Mwezi wa kwanza uliandika hutaki tovuti ihamishwe. Sasa imehamishwa, na kila ikisimama inaangushwa kwa akaunti yako. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungewaza nini?"

"Niliandika kwa sababu intaneti yetu huku ni ya kubahatisha! Nilisema tungoje setilaiti mpya." Uso ulikuwa umemwiva. "Na hiyo ya tatu ni lini? Jumamosi? Jumamosi nilikuwa Alice Springs, kwa daktari wa meno. Tazama." Akapanua kinywa na kuvuta shavu kwa kidole. Pengo lilikuwepo, na fizi bado ilikuwa nyekundu.

Ushahidi wa namna hiyo haughushiwi kirahisi. Verna akaifuta alama ya kuuliza aliyokuwa ameiweka mbele ya jina lake.

"Nywila yako anaijua nani?"

Bevan akaelekeza kidole, kwa aibu, kwenye friji. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye majina ya akaunti zote na nywila zake, kwa herufi kubwa.

"Basi anaijua kila mtu anayechukua maziwa," Verna alisema.

Alisimama kunyoosha mgongo, ndipo macho yake yakaenda ukutani. Ukuta ulikuwa umepauka kwa jua na vumbi jekundu, ila sehemu nne zilibaki safi, za pembe nne, kila moja na msumari wake.

"Hapo palikuwa na nini?"

"Picha. Wanawake walikuja wakaziondoa. Mimi huwa siulizi."

"Lini?"

"Mwezi wa pili, mwishoni. Kabla kidogo ya kuhama."

Verna akakaa tena, taratibu. Akafungua kompyuta yake na kuingia kwenye seva mwenyewe. Hakutaka tena muhtasari wa mtu. Kule nyuma, wakati wa upolisi, alikuwa na msemo mmoja tu kwa makurutu: usisimuliwe maiti, nenda ukaione. Mwenyewe alikuwa amekaa na jalada lile siku mbili akisimuliwa.

Alianza mwanzo, kama inavyotakiwa. Seva inapumua? Inapumua. Hifadhidata ipo? Ipo, nzima, picha elfu tatu na hadithi zake zote. Mlango wake unafunguliwa kwa vitu viwili, jina la mtumiaji na nywila, na mfumo huvisoma vyote viwili kwenye faili la mipangilio. Nywila ilikuwa sahihi. Akashuka mstari mmoja, kwenye jina la mtumiaji.

Lilikuwa limeandikwa: *kumanjayi*.

Hifadhidata haikumtambua mtumiaji wa jina hilo; ndiyo maana mlango ulikataa. Akatafuta neno hilo kwenye folda zote. Kompyuta ikahesabu: mafaili sitini na moja. Katika kurasa, katika maelezo ya picha, katika majina ya folda. Hakuna herufi nyingine iliyoguswa. Mdukuzi gani anaingia nyumbani kwa watu, anabadilisha neno moja tu, na anaacha kila kitu kimepangwa vizuri kuliko alivyokikuta?

"Bevan," alisema bila kugeuka, "nani amefariki hapa?"

"Yule mzee, Jangala, kwa jina la ukoo. Mchoraji mkuu. Yeye ndiye aliyekianzisha kituo."

"Na Lorraine ni nani wake?"

Bevan akajikuna ndevu. "Nadhani... walikuwa wanaishi nyumba moja."

"Unadhani." Verna akafunga kompyuta kwa nguvu. "Miezi minane, Bevan! Mtu anafanya kazi mita sita kutoka kwenye kiti chako, anafiwa na mume, na wewe unadhani?"

Alitoka bila kungoja jibu. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya Bevan peke yake. Kumanjayi ni jina wanalopewa wote waliokufa huko. La kwao wenyewe, si la ukoo, linazikwa pamoja nao, halitajwi, haliandikwi, na kama kuna jirani aliye hai mwenye jina hilo hilo, naye anaitwa Kumanjayi mpaka miaka ipite. Hata mtoto wa chekechea wa Maili Kumi na Nne angelisoma neno lile na kujua kilichotokea. Fundi aliliona mara sitini na moja, akaita ni alama ya mdukuzi.

Kambi ya wajane, wanakokaa hadi eda iishe, ilikuwa upande wa mashariki, mbali na nyumba. Njiani Verna aliipita nyumba moja ya bati iliyofungwa. Uani mwake palikuwa pamefagiliwa kwa matawi hata unyayo mmoja wa marehemu usionekane. Alipofika karibu na kambi alisimama mbali, kama heshima inavyotaka, akangoja kuitwa.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye kofia ya timu ya mpira, akamwita kwa mkono. "Wewe ndiye polisi?"

"Nilikuwa. Naitwa Verna. Zamani, kule kaskazini, akina mama walinipa ukoo. Nakamarra."

Mwanamke akaangua kicheko na kuwageukia wenzake. "Mnasikia? Nakamarra! Nakamarra ndiye anayemzaa Nungarrayi, basi huyu ni mama yetu, mimi na Lorraine. Mama, umekawia sana kuja kuwatazama wanao. Na mbona umekonda? Hawakulishi huko mjini?"

"Wananilisha karatasi, mwanangu."

"Ndiyo maana. Mimi Marjorie. Kaa, chai ipo, mkia wa kangaruu upo kwenye majivu."

Lorraine alikuwa ameketi nyuma yao kwenye blanketi. Nywele zake zilikuwa zimekatwa hadi kwenye ngozi, na paji la uso lilipakwa udongo mweupe. Alimtazama Verna usoni bila kukwepa wala kusema.

"Hasemi," Marjorie alisema, kicheko kimekwisha. "Yuko edani. Mpaka ndugu wa mume wamfungue mdomo. Anaongea kwa mikono, mimi nasema."

"Wadhamini walipompigia, kulikuwa na mtu wa kumsemea?"

"Nani? Yule kijana mwenye ndevu alileta kompyuta, akaiweka mbele yake, akaenda zake. Watu wanne kwenye kioo, wanauliza, wanauliza. Yeye anawajibu kwa mikono. Wanasema, 'Tunaomba uache kucheza na mikono, ujibu.'"

Verna aliona aibu, aibu ya kweli, ya watu wale wanne, na akashindwa kupata pa kuiweka. Akaitoa kalamu kwa sababu ilikuwa kazi.

"Nitamuuliza matatu tu. La kwanza: ni yeye aliyebadilisha?"

Vidole vya Lorraine vilikwenda haraka. "Ndiyo," Marjorie alisema. "Kaka zake mume walisema jina litoke kila mahali. Akatoa picha. Akatoa kwenye kanda za sauti. Akatoa kwenye tovuti. Kila yule wa Melbourne akirudisha, naye anatoa tena."

"Kwa nini alitumia akaunti ya Bevan?"

Vidole tena. Safari hii Marjorie alitabasamu kidogo. "Ya kwake waliifunga tovuti ilipohamishwa. Ya ndevu iko kwenye friji."

"La tatu. Alijua kwamba akilitoa jina kwenye faili lile, tovuti inazimika?"

Lorraine hakujibu kwa vidole. Alichukua simu chini ya blanketi, akatafuta kitu, akampa Verna.

Yalikuwa maombi matatu ya msaada kwa kampuni ya seva. La kwanza lilikuwa la tarehe tatu Machi, siku tano kabla tovuti haijazimika mara ya kwanza. *Mpendwa fundi. Mtumiaji wa hifadhidata ana jina la mtu aliyefariki. Kwetu haturuhusiwi kuliandika. Tafadhali badilisheni upande wenu, mimi siwezi kufika huko. Nitabadilisha upande wangu. Tukibadilisha pamoja haitazimika.* Jibu lilikuja dakika ile ile, la mashine: *Kubadilisha jina la mtumiaji si sehemu ya kifurushi chako. Ombi limefungwa.* La pili lilikuwa fupi zaidi, na jibu ni lile lile. La tatu lilikuwa na neno moja, *tafadhali*, na jibu ni lile lile.

Verna alisoma mara mbili. Aliyeitwa mhujumu ndiye mtu pekee katika kesi nzima aliyekuwa ameugundua ugonjwa, akaandika na dawa yake, tena kwa adabu. Seva ya zamani alikuwa na ufunguo wake wote. Hii mpya, kwa akaunti ya kuazima, alifika sebuleni tu; chumba cha ndani, hifadhidata yenyewe, walikifunga. Miaka yake kumi na mmoja ya kazi ilikuwa imeandikiwa barua ya kufukuzwa na watu ambao majibu yao yalikuwa kwenye sanduku la barua la kampuni waliyoilipa.

Akampigia Damon Pryor, fundi wa Melbourne, na kumsomea maombi yale.

"Hayo hayanifikii mimi," Damon alisema. "Yanaenda kwa mashine ya kujibu."

"Na mashine inajibu kwa niaba ya nani?"

Upande wa pili Damon alipiga funda la kahawa.

"Kuunda mtumiaji mpya kwenye hifadhidata, mwenye jina lisilo la mtu, kunachukua muda gani?"

"Dakika mbili. Tatu nikiwa nakunywa kahawa."

"Iweke kahawa chini. Mwite 'kituo'. Kisha umfute wa zamani. Na Damon, usinitajie jina la huyo wa zamani. Nisikusikie."

"Mbona siri kubwa hivyo?"

"Fanya, kijana."

Verna alimpa Lorraine kompyuta yake aandike mwenyewe mstari wa upande wake. Lorraine aliandika neno moja, akahifadhi, akabonyeza. Ukurasa mweupe ulikaa sekunde nne. Kisha rangi zikamwagika kwenye kioo, michoro ya visima na nyayo na njia za mvua, elfu tatu, na chini ya ile ya mzee Jangala palisomeka *Kumanjayi*, kama inavyostahili.

Wanawake wakasogea wote. Marjorie akapiga paja. Lorraine alikuwa na mkono mdomoni, na machoni mwake, kwa mara ya kwanza tangu Verna afike, palikuwa na kitu kinachofanana na furaha.

Saa kumi kasoro dakika kumi simu ya Verna ikaita. Alikuwa Philippa Thornbury, mwenyekiti wa wadhamini.

Hapo Verna alifanya kosa. Alilifanya kwa moyo mweupe, na ndiyo maana lilimuuma baadaye kuliko makosa yake mengine yote. Aliwaza: mwanamke huyu amehukumiwa akisikia, basi na aachiwe akisikia. Akabonyeza kipaza sauti, akaiweka simu juu ya blanketi, katikati ya wanawake.

"Bi Thornbury, tovuti imesimama. Hakukuwa na hujuma. Lorraine aliomba msaada mara tatu kwa maandishi, na mara tatu kampuni ya seva ilimfungia ombi. Nina nakala."

"Ni habari njema sana," ilisema sauti ya Adelaide, laini, ya mtu mstaarabu. "Kwa kweli nimefarijika. Barua ile nitaichana. Mwambie Lorraine arudi kazini akiwa tayari, na pole zetu zimfikie."

Marjorie akamminya Lorraine bega. Mmoja wa wazee akanong'ona kitu, wengine wakaguna kwa ridhaa.

"Kuna jambo dogo tu," Philippa akaendelea. "Kampuni ya bima inataka ripoti iwe kamili. Neno lililokuwepo, na neno lililowekwa."

"Lililowekwa ni kumanjayi. Lililokuwepo halitajwi. Nitaandika hivyo, 'jina la marehemu'."

"Bima hawatakubali, Verna, unawajua. Lakini usijali, Damon amenitumia rekodi yote hapa, ninaiona. Kama ni hili ndilo..."

"Bi Thornbury, usi..."

Akalitaja.

Alilitaja lote, la marehemu na la baba yake, akilitamka polepole na kwa uangalifu, kama mtu anayetaka kuonesha kwamba analiheshimu jina la mgeni. Kipaza sauti kikalitoa wazi. Lilisikika mpaka kwenye mahema ya nyuma.

Verna alikuwa ameshaifikia simu, lakini neno likishatoka halirudi. Bibi mmoja akajipiga kichwani kwa ngumi, kisha wa pili, na kilio kikaanza chini, kikapanda, kikawashika wote. Wanawake wakaanza kuvuta mablanketi na masufuria yao kutoka mahali pale, kwa sababu pale sasa hapakaliki. Lorraine peke yake hakulia. Alikuwa amejikunja, viganja vimeziba masikio, akiwa amechelewa.

"Haloo?" ilisema simu mkononi mwa Verna. "Verna? Kuna nini? Nani analia?"

Alikata.

Ilichukua muda mpaka Lorraine akainua kichwa. Aliirudisha kompyuta ya Verna, akiifunga kwanza, kwa uangalifu, kama mtu aliyezoea kutunza vitu. Kisha vidole vyake vikasema jambo fupi. Marjorie alitazama pembeni.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema anashukuru kwa kazi yako." Marjorie alijifuta uso kwa kofia. "Na anasema anaacha kazi. Harudi tena kwa watu waliolitaja jina."

"Mwambie barua imechanwa. Hajafukuzwa. Mwambie asubiri, nitaongea nao, nitawalazimisha..."

"Mama." Marjorie alimshika mkono, si kwa ukali. "Umesikia alivyosema. Andika hivyo hivyo. Hawajamfukuza, ameondoka mwenyewe. Walau hilo waandike kweli."

Verna akafungua daftari juu ya goti, upepo ukijaza vumbi kwenye kurasa, akaandika.